Nilipiga Pasi Masomo ya Afoyo

Kosa ni langu. Naanza hapo sababu ninajijua: nikianza na maelezo, nitafika mwisho nikiwa mutu muzuri. Kazi ya kujisafisha nimeifanya miaka mingi, na nilikuwa fundi wa hiyo kazi.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari hapa Bunia, historia na jiografia. Shule gani, musiniulize. Ilikuwa na matofali mekundu, mabati yenye kutu na walimu wenye kujisikia, na kati ya hao hakuna mwenye alinishinda kujisikia. Ilikuwa wakati ule wa abakosti, ile koti ya wakubwa isiyovaliwa tai. Yangu ilipigwa pasi kila asubuhi, hata kama nyumbani hatujakula. Wakati wa mvua ulinikuta njiani naruka matope sawa kuku, nimeshika suruali na vidole viwili, sitwayen mukubwa, mwananchi wa heshima, anapita.

Mu kalasi nilikuwa na wazimu moja, na wazimu ile ilikuwa kaye, yaani daftari. Kaye ya mwanafunzi wangu lazima ifunikwe na karatasi ya kaki. Kona isikunjike. Alama ya mafuta ya mboga ya sombe isionekane. Mwenye kaye yake ilikunjika, naishika kwa kona, naiinua juu, watoto wote wacheke na yeye alie. Niliita hiyo malezi. Wenzangu walijua kufundisha. Mimi nilijua kunyoosha makaratasi, na prefe, mukubwa wa shule, mutu wa namna yangu, alikuwa ananisifu kwenye kila mukutano.

Ndipo akaletwa Afoyo.

Alikuwa musichana wa pwani ya ziwa, upande wa Mahagi. Baba yake alikuwa anakausha samaki. Surua ilimuharibu macho akingali mudogo, na masera wa kule, wale watawa, wakamufundisha kusoma na vidole. Alipomaliza yote yenye walikuwa nayo, masera mumoja mwenye umri akamuleta kwetu, kalasi ya nne ya sekondari. Akatukusanya siye walimu wote, akatueleza namna Afoyo atakuwa anaandika, namna atakuwa anasoma, kitu gani tufanye, kitu gani tusifanye. Wenzangu waliuliza maulizo. Mimi nilikaa nyuma naangalia vumbi kwenye viatu vya masera, nikiwaza: kipofu sekondari, kesho watatuletea bubu tumufundishe kuimba.

Vile ndivyo nilikuwa. Sipunguzi kitu.

Afoyo alikuwa na kibao cha chuma chenye kufunguka sawa buku, chenye vidirisha vidogo vidogo, na kimusumari chenye kichwa cha mbao. Anaingiza karatasi ngumu ndani ya kibao, anafunga, halafu anachoma nukta na kimusumari, moja moja, tok tok tok, akitoka kuume kwenda kushoto. Akimaliza anageuza karatasi. Zile nukta zimetokea upande wa pili, zimevimba, na hapo kwenye uvimbe ndipo vidole vinasoma. Haya yote nayajua leo. Wakati ule niliona tu upande wa kuchoma. Upande wa kusoma sikuwahi kuuangalia, sikuwahi kuugusa, na huyu mutoto nilimufundisha toka kalasi ya nne mpaka ya sita.

Karatasi ngumu yenye masera aliacha iliisha upesi. Afoyo akaanza kuandika kwenye kila kitu kigumu chenye alipata: kurasa za kalenda za zamani, mifuko ya simenti, boksi za maziwa ya unga zenye kukatwa. Anatoboa pembeni, anafunga na kamba ya mugomba. Hayo ndiyo yalikuwa mabuku yake. Buku la historia la nukta halikuwepo Bunia, na mahali pengine sikujua. Lilikuwepo lile lenye alilichoma mwenyewe, neno kwa neno, na mimi nililiita takataka mbele yake, na jina likashika.

Pembeni yake alikaa Basemera, binti yangu. Hakuna mwenye alimutuma. Alikuwa anamusomea maneno ya tablo, ule ubao wa kalasi, kwa sauti ya chini, na Afoyo anachoma. Binti yangu mwenyewe, na mimi nilisikia haya mahali ya kusikia furaha.

Ile tok tok ilikuwa inanikwaza. Siku moja nikasimamisha somo.

"Weye Afoyo, unajenga nyumba?"

Kalasi ikacheka. Yeye akaweka kimusumari chini.

"Ndiyo, Mwalimu. Niko naezeka, sababu mvua iko karibu."

Kalasi ikacheka zaidi, na safari hii hawakuwa wanamucheka yeye. Sikusahau. Mutu mwenye kujisikia anaweza kusahau jina la mukwe wake, lakini siku yenye alichekwa anaitunza vizuri.

Na alikuwa na akili. Wakati wa egzame, mitihani ya shule, alikuwa anaketi mu biro, ofisi ya prefe, kwenye mashini ya kuandika, mutu anamusomea ulizo, na yeye anapiga majibu bila kukosea. Mimi nilikuwa namukatia pointi. Wenzangu wakiniuliza, nasema mashini inamusaidia. Kana kwamba wengine walikuwa wanaandika na kucha, kalamu ya biki haiwasaidii.

Akafika kalasi ya sita, mwaka wa egzame ya Leta, ya serikali, ile yenye inatoa diplome. Afoyo alitaka kufundisha watoto wenye macho sawa yake. Alikuwa anasema wazi, hakuficha, na bila diplome hakuna mwenye angemupa kalasi. Wakubwa hawakukataa. Walisema tu: inspekteri atakuja shuleni, Afoyo atasoma masomo yake mbele yake. Akisoma, ataingia egzame. Asiposoma, arudi kwao.

Prefe akanipatia mimi kazi ya kutayarisha kalasi. Nani mwingine?

Siku ya posho, Jumamosi, nikakusanya kaye zote. Nikafika kwa Afoyo, nikashika furushi lake. Hakuliachilia.

"Mwalimu, hii niko nasomea."

"Inspekteri aone hii takataka? Unataka tupate haya?"

"Basi tafazali, Mwalimu. Usiweke kitu cha uzito juu yake."

Aliniambia. Musikie vizuri. Aliniambia kwa kinywa chake, kwa heshima, mbele ya kalasi. Na mimi nikawaza: tazama, kipofu ananifundisha kupanga makaratasi.

Kesho yake, siku ya Yenga, Jumapili, tulipotoka misa, nikavua abakosti na kutia makaa mu pasi. Basemera alikuwa ameenda Aveba kumuangalia nyanya yake. Mama Basemera akasimama kwenye mulango wa jikoni na mwiko mukononi.

"Baba Basemera, leo unapiga pasi hata makaratasi?"

"Weye pika."

Nikalowesha kitambaa, nikakitandika juu ya ukurasa wa kalenda, nikapitisha pasi. Uvimbe ukalala. Nikapapasa, laini kabisa. Nikachukua mwingine. Nilifanya ile kazi mpaka jua likageuka, mugongo unauma, na nilikuwa naimba. Kalenda, mifuko ya simenti, boksi za maziwa. Masomo ya kalasi ya nne, ya tano, ya sita.

Mutaniuliza: hukujua? Sikujua. Nilifikiri herufi ni kile kishimo cha kimusumari. Nilifikiri anasoma kishimo, na ule uvimbe ni ubaya wa karatasi tu, sawa makunyanzi kwenye shati. Niliona alama za vishimo bado zinaonekana kidogo kwa macho, nikasema basi, masomo yamebaki. Kuuliza si ujinga: mimi mwenyewe niliyaandika hayo maneno kwenye tablo, watoto wakayarudilia kwa sauti mpaka wakachoka. Sikujua yalikuwa yananihusu na mimi.

Nikakata pembe zikakuwa sawa. Nikashona, nikafunika na kaki, nikaandika juu kwa mwandiko wangu muzuri jina la Afoyo na jina la somo. Nikaweka mezani, nikarudi nyuma kuangalia. Nilijipenda sana ile saa.

Inspekteri akafika kesho yake, tumbo mbele, yeye nyuma. Prefe alikuwa amechinja mbuzi. Kalasi ilifagiliwa mara mbili, kaye zimepangwa, na mimi nimesimama karibu na tablo na kola yangu. Nikamupa Afoyo buku lake, na nilikuwa nangojea aniambie aksanti.

Akapitisha mukono kwenye kaki. Akaleta buku karibu na pua. Halafu akalifungua, akaweka vidole.

Vidole vilitembea mpaka mwisho wa mustari, vikarudi, vikatembea tena. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine, na mwingine, mbiombio. Alikuwa sawa mutu mwenye amerudi kwao anapapasa ukuta, na mulango haupo.

"Mwalimu," akasema polepole, "karatasi yangu imenyamaza."

"Imefanya nini?" inspekteri akauliza, na akacheka.

"Imenyamaza, Sitwayen Inspekteri. Kuna mutu ameipiga pasi. Inanuka makaa."

Hapo nilielewa. Hapo hapo, sikungojea miaka. Nilikumbuka namna ule uvimbe ulikuwa unalala chini ya kitambaa na mimi naimba. Neno moja lingetosha: ni mimi. Inspekteri angenicheka, prefe angekasirika, watoto wangepata hadisi ya wiki moja. Hakuna kingine. Na niliona hiyo ni kubwa sana kwa mutu sawa mimi.

Inspekteri akanigeukia. "Mwalimu, weye unasema nini?"

"Sitwayen Inspekteri," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nzuri, ile ya kufundishia, "ndicho kitu nilikuwa naogopa. Huyu mutoto ana kichwa cha kushika maneno ya kusikia. Lakini kusoma, kwa kweli..."

Nikainua mabega. Sikumaliza. Muongo mwenye masomo hamalizi maneno yake, anaachia wengine wamalize.

"Munipe karatasi ingine," Afoyo akasema. Alikuwa ameisha kufungua kibao chake. "Museme maneno yoyote, niandike sasa hivi, halafu nisome. Munipe tu karatasi."

Inspekteri akaangalia saa. Harufu ya mbuzi ya prefe ilikuwa inaingia kwa dirisha.

Basemera akasimama. "Baba."

Shuleni alikuwa ananiita Mwalimu sawa wengine wote. Ilikuwa sheria yangu. Siku ile aliniita Baba mbele ya inspekteri na prefe. Alirudi nyumbani asubuhi ile, akaona vipande vya kalenda vimebaki pembeni ya pasi, na sasa alikuwa anaona mwandiko wangu kwenye kaki. Alijua yote.

"Kaa chini," nikamuambia.

Akakaa. Alikuwa mutoto wa kusikia wazazi, na mimi niliitumia hiyo tabia yake nzuri kumufunga kinywa.

Afoyo hakuingia egzame. Siye tukaenda kula mbuzi.

Baba yake akafika na lori ya samaki kumuchukua. Muzee mwembamba, mikono imekauka na moshi. Alikuwa amebeba kikapu, akakiweka mbele yangu na mikono miwili.

"Aksanti, Mwalimu. Ulimuvumilia mutoto wangu mpaka mwisho. Ile ingine iko kazi ya Mungu."

Afoyo alikuwa nyuma yake na furushi chini ya kwapa, uso amenigeuzia mimi.

Nikapokea ile samaki. Mama Basemera aliipika na mawese, na mimi nikasema imezidi chumvi kidogo. Basemera hakuigusa. Alikaa na sahani yake mpaka ikapoa, halafu akainuka akaosha vyombo.

Yeye alishinda egzame, akaenda Kisangani kusoma. Siku ya kupanda lori aliniambia neno moja tu: "Baba, siku utasema, nitarudi." Ameolewa kule, amezaa. Watu wanasema majuto ni mujukuu. Wajukuu wangu mimi siwajui hata sura.

Na mimi nikapandishwa cheo, nikakuwa prefe. Wakubwa wa wakati ule walijua kuchagua watu.

Miaka ikapita, tukaingia miaka ya themanini. Siku moja yule masera aliyemuleta Afoyo, sasa muzee kabisa, akanijia mu biro. Walikuwa wamepata vyombo kwa watoto vipofu wa Ituri. Mashini za kuandika nukta, zenye vifungo sita, unafinya na vidole na herufi nzima inatokea kwa mara moja. Radio za kaseti za kusikilizia masomo. Fimbo nyeupe. Walitafuta tu mahali pa kuziweka na mutu wa kufundisha. Nikawapatia kalasi, sababu nilisikia wageni watakuja kuifungua, na mimi napenda wageni. Walimu wangu wakazunguka zile mashini, wakazigusa na kidole kimoja, wakarudi nyuma. Hakuna mwenye alijua.

"Yule Afoyo wenu iko wapi?" masera akauliza.

Ilibidi niende mwenyewe. Lori, vumbi, kile kitelemuko cha kushuka ziwani chenye kinakupandisha roho kinywani. Nikamukuta kwenye soko la pwani anauza samaki mukavu. Kila fungu lilikuwa na kikaratasi chenye kufungwa na uzi, na nukta zake juu. Anapapasa, anajua hili ni la nani. Wamama wengine walikuwa wanamuletea mafungu yao awawekee alama, wasigombane jioni. Nikasimama mbele yake, sijafungua kinywa.

"Mwalimu," akasema. "Ungali unanuka makaa."

Nikamueleza: mashini, kalasi, watoto. Kitu kingine sikueleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akamuomba jirani amuangalizie samaki, akaingia kwake, akarudi na lile buku. Kaki yangu bado juu yake, mwandiko wangu muzuri bado juu yake. Akafungua kwenye ukurasa wa kalenda, akaniwekea mukononi.

"Nisomee."

"Afoyo..."

"Ni somo lako. Ya kalasi ya tano, nafikiri, sababu makaratasi ya kalenda nilianza mwaka ule. Somo gani, sijui. Napapasa, sijui. Weye ndiye ulifundisha, na uko na macho. Nisomee."

Nikaangalia. Upande mumoja ilikuwa picha ya chupa ya bia yenye kufifia, upande wa pili madoa ya rangi ya chai. Sikukumbuka hata somo moja la mwaka ule. Wamama wa samaki walikuwa wameacha kuuza, wananiangalia na ile karatasi mukononi.

"Ulijua ni mimi," nikasema.

"Toka nilipoleta buku kwenye pua. Nani mwingine shule nzima alikuwa ananuka pasi?"

"Mbona hukunitaja?"

"Sababu ya Basemera. Nikikutaja weye, yeye alale nyumba gani?" Akanitoa ukurasa mukononi, akaurudisha mahali pake. "Nitakuja, Mwalimu. Sikuji kwa ajili yako. Lakini siku ya kufungua kalasi, mbele ya walimu na wazazi, useme nani alipiga pasi. Usiseme sababu. Sema nani, basi."

Nikaapa. Niliapa kwa jina la mama yangu, pale kati ya samaki.

Na Afoyo akakuja. Alianza na watoto kabla ya siku ya wageni. Nilikuwa napita inje ya dirisha, nasikia mashini zinalia na watoto wanacheka. Kulikuwa na musichana mudogo kutoka Bule, mwenye kwao walikuwa wanamufungia mu chumba wageni wakifika. Siku yenye aliandika jina lake mara ya kwanza, alilipapasa, akalipapasa tena, akakataa kuachilia ile karatasi hata wakati wa kula. Mama yake alikuja kumuchukua, akakuta mutoto ameilalia.

Siku ya kufungua ikafika. Viti mbele kwa wageni, wazazi wamesimama nyuma, Afoyo karibu na mashini yake. Niliamka mapema kupiga pasi. Njiani nilirudilia lile neno langu moja, na lilikuwa linatoka vizuri. Halafu nikaona wale wageni, nikaona walimu wenye walikuwa wananiogopa, na kinywa changu kikajifanyia kazi chenyewe.

"Ndugu wazazi," nikasema, "mwalimu wetu Afoyo alipata shida wakati wa masomo yake. Kulitokea kasoro katika matayarisho, na makaratasi yake yakaharibika kwa bahati mbaya, jambo lenye uongozi wa shule unasikitikia sana."

Wakapiga makofi. Hata mimi nilisikia namna ilivyokuwa hotuba nzuri. Ndani yake hakukuwa na mutu hata mumoja. Makaa yalijiwasha, pasi ikajitembeza, makaratasi yakajiharibu.

Afoyo akangojea makofi yaishe.

"Mwalimu," akasema, na hakusema kwa sauti kubwa, "ungali unapiga pasi."

Akachukua fimbo yake, akauliza njia ya mulango wameiacha upande gani. Yule mutoto wa Bule ndiye akamushika mukono, kipofu akamuongoza kipofu, wakapita kati ya viti vya wageni mpaka inje, na hakuna mutu mwenye kuona aliyeinuka. Jioni Afoyo akapanda lori ya ziwa.

Kalasi ikafungwa. Mashini zikafunikwa na kitambaa cheupe chenye nilikipiga pasi mwenyewe. Mama wa yule mutoto alirudi kuniuliza mwalimu wao anarudi lini. Nikamuambia bado tunatafuta mwenye diplome. Diplome. Lile neno lilitoka mu kinywa changu mimi, na yule mama akaniambia aksanti.

Sasa nimepumzika kazi. Masera, kabla ya kufa, alikubali kunifundisha zile nukta. Vidole vyangu ni vizito, vilizoea kola. Nasoma polepole kushinda mutoto wa shule ya musingi, na kila nikipapasa uvimbe mumoja nakumbuka ile siku ya Yenga na nyimbo zangu.

Basi sikieni, nyinyi walimu wenye kola, sababu mungali wengi, nawaona munapita. Ukiletewa mutoto mwenye anaandika namna hauijui, gusa karatasi yake kabla ya kuisema vibaya. Yeye ndiye aulizwe. Akikuambia usiweke kitu cha uzito, usiweke. Na ukiisha kuharibu, sema siku ile ile, wakati ni aibu ya wiki moja tu. Mimi nilikimbia aibu ya wiki moja, nikapoteza binti, na watoto wa Ituri wakapoteza mwalimu wao.

Nilitaka kumaliza na jina langu. Nimeliandika kweli, hapa chini ya hii karatasi yenye natuma kwa gazeti, kwa kibao na kimusumari, herufi moja moja. Lakini najua vizuri mashini ya gazeti haichapi nukta, na nyinyi hamutaliona. Afoyo angepapasa huu ukurasa angejua ni nani, na angeniambia neno lile lile: ungali unapiga pasi.